Bei Kikomo ya Nishati na Mteja Mwenye Mkataba wa Bei Isiyobadilika

Serikali inapotangaza kuwa imeweka ukomo wa bei ya umeme au gesi, wananchi wengi huamini kwamba kila mteja atapata nafuu ileile. Sivyo. Nafuu anayopata mteja hutegemea aina ya mkataba alionao na kampuni inayomuuzia nishati. Wapo wanaonufaika sana, wapo wanaonufaika kidogo, na wapo ambao hawaguswi kabisa na tangazo hilo. Watahiniwa wengi hupoteza alama kwa kuwaweka wateja wote kapu moja.

Katika mada hii tutatumia mfano wa Uingereza katika kipindi cha 2021 hadi 2023. Huko soko la umeme na gesi ya majumbani lina kampuni nyingi zinazoshindana, na mteja ana uhuru wa kuchagua kampuni na aina ya mkataba. Kisha tutalinganisha kwa ufupi na hali ya Afrika Mashariki.

Istilahi za kukumbuka

*Bei kikomo* ni bei ya juu kabisa ambayo muuzaji anaruhusiwa na sheria kumtoza mteja. Anaweza kuuza chini ya hapo, lakini hawezi kuvuka.

*Ruzuku* ni fedha ambazo serikali hulipa ili mnunuzi atoe bei ndogo kuliko gharama halisi ya bidhaa.

*Mkataba wa bei inayobadilika* ni ule ambao bei ya kila uniti hupanda au kushuka kadiri kampuni inavyoamua, mradi isivuke kikomo.

*Mkataba wa bei isiyobadilika* ni ule ambao mteja na kampuni hukubaliana bei moja ya kila uniti kwa muda maalumu, kwa mfano mwaka 1 au miaka 2. Soko likipanda au likishuka, bei hubaki ileile mpaka mkataba uishe.

*Uniti* ni kipimo cha nishati, yaani kilowati-saa 1.

*Tozo ya kila siku* ni kiasi ambacho mteja hulipa kwa kuunganishwa tu na mtandao, hata siku ambayo hakuwasha taa.

*Ada ya kuvunja mkataba* ni fedha anazotozwa mteja anapotoka kwenye mkataba kabla ya muda wake kwisha.

Bei kikomo inavyofanya kazi

Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya bei kikomo ya umeme na gesi ya majumbani mwaka 2018, na kikomo kikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Mamlaka ya udhibiti wa nishati, Ofgem, ndiyo hukokotoa kiwango chake. Mwanzoni kilipitiwa kila baada ya miezi 6. Kuanzia Oktoba 2022 kikawa kinapitiwa kila baada ya miezi 3. Kikomo hicho hutumika England, Scotland na Wales. Ireland ya Kaskazini ina utaratibu wake.

Mambo mawili hapa ni ya msingi.

La kwanza, kikomo kinawekwa kwenye bei ya uniti na kwenye tozo ya kila siku. Hakiwekwi kwenye jumla ya ankara. Vyombo vya habari hupenda kutaja kiasi kimoja cha mwaka, mfano "pauni 2,500", lakini kiasi hicho ni cha kaya ya wastani tu. Katika kipindi tunachokijadili, kaya ya wastani ilichukuliwa kuwa inatumia uniti 2,900 za umeme na uniti 12,000 za gesi kwa mwaka. Anayetumia zaidi ya hapo hulipa zaidi, na anayetumia pungufu hulipa pungufu.

La pili, kikomo hufuata gharama. Ofgem huangalia bei ya jumla ya nishati sokoni, gharama za nguzo, nyaya na mabomba, gharama za uendeshaji, kisha huruhusu faida kidogo. Kwa hiyo bei ya jumla duniani ikipanda, kikomo nacho hupanda katika mapitio yanayofuata. Kikomo cha namna hii humkinga mteja dhidi ya muuzaji anayetaka faida ya kupita kiasi. Hakimkingi dhidi ya soko la dunia.

Kwa nini mkataba wa bei isiyobadilika hauguswi

Sheria ya 2018 ililenga wateja ambao hawakuchagua mkataba wowote, yaani wale walioachwa kwenye bei ya kawaida inayobadilika. Wengi wao walikuwa wateja wa miaka mingi, wasiohamahama, na kampuni zilikuwa zikiwatoza zaidi kwa kujua kwamba hawataondoka. Bunge liliona kundi hilo linahitaji ulinzi.

Mteja aliyechagua mkataba wa bei isiyobadilika yuko nje ya kikomo. Mantiki yake ni kwamba ameiona bei, ameilinganisha na nyingine, kisha ameikubali kwa hiari. Matokeo yake ni mawili:

(a) Kikomo kikipanda, bei yake haipandi. Huo ndio ushindi wa aliyefunga bei mapema.

(b) Kikomo kikishuka, bei yake haishuki. Hiyo ndiyo hasara ya aliyefunga bei wakati soko likiwa juu.

Mkataba wake ukiisha bila yeye kuchagua mwingine, huhamishiwa kwenye bei ya kawaida, na hapo ndipo kikomo huanza kumlinda.

Kwa lugha ya uchumi, mkataba wa bei isiyobadilika ni namna ya bima. Mteja ananunua uhakika. Kampuni nayo, ili itimize ahadi hiyo, hununua nishati mapema kwa ajili ya muda wote wa mkataba. Ndiyo sababu hutoza ada mteja anapovunja mkataba: nishati ilikwisha kununuliwa kwa ajili yake. Zingatia hoja hii, kwani tutairudia.

Mshtuko wa 2021 na 2022

Kuanzia nusu ya pili ya 2021 bei ya jumla ya gesi ilipanda kwa kasi barani Ulaya. Tarehe 24 Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine, na hali ikawa mbaya zaidi. Uingereza hutumia gesi kupasha joto nyumba nyingi na kuzalisha sehemu kubwa ya umeme wake, hivyo pigo liliingia moja kwa moja majumbani.

Angalia kikomo kilivyopanda kwa kaya ya wastani kwa mwaka:

Oktoba 2021: pauni 1,277
Aprili 2022: pauni 1,971
Oktoba 2022 (kilivyotangazwa na Ofgem mwezi Agosti): pauni 3,549

Katika hatua ya kwanza ya mshtuko huo, kampuni nyingi ndogo zilifilisika. Zilikuwa zinanunua gesi kwa bei ya juu huku kikomo kikizizuia kuuza kwa bei inayorudisha gharama, na nyingine zilikuwa zimeahidi bei isiyobadilika bila kununua nishati ya kutosha mapema. Zaidi ya kampuni 25 zilianguka. Wateja wao hawakukatiwa huduma. Ofgem iliwahamishia kwa kampuni nyingine. Lakini waliokuwa na mikataba ya bei isiyobadilika waliipoteza, wakaanza kulipa bei ya kawaida iliyo chini ya kikomo. Hapa tunajifunza kwamba ahadi ya bei ina nguvu pale tu aliyeitoa anapoendelea kuwepo.

Katika hatua ya pili, yaani mwaka 2022, mikataba ya bei isiyobadilika ilikuwa adimu, na iliyopatikana ilikuwa ghali kupita kikomo cha wakati huo. Hata hivyo baadhi ya watu waliichukua. Walisikia utabiri kwamba kikomo kingeendelea kupanda majira ya baridi, wakaogopa, wakafunga bei ya juu ili wasikutwe na bei ya juu zaidi. Hawakuwa wajinga. Kwa taarifa walizokuwa nazo siku hiyo, uamuzi wao ulikuwa na mantiki.

Dhamana ya bei ya Oktoba 2022

Tarehe 8 Septemba 2022 Waziri Mkuu Liz Truss alitangaza mpango mpya ulioitwa Dhamana ya Bei ya Nishati, utakaoanza tarehe 1 Oktoba. Kikomo cha Ofgem hakikufutwa; kilibaki palepale pauni 3,549. Ila mteja wa bei inayobadilika angelipa bei ndogo zaidi, na serikali ingeilipa kampuni tofauti iliyobaki. Kwa wastani, anayelipa kwa makato ya benki ya kila mwezi angelipa peni 34 kwa uniti ya umeme na peni 10.3 kwa uniti ya gesi. Tozo za kila siku zilikuwa takribani peni 46 kwa umeme na peni 28 kwa gesi.

Tuhakiki kama kweli tunafika pauni 2,500:

Umeme: 2,900 × peni 34 = pauni 986
Gesi: 12,000 × peni 10.3 = pauni 1,236
Tozo za kila siku: 365 × (peni 46 + peni 28) = pauni 270.10
Jumla: pauni 2,492.10, yaani takribani pauni 2,500.

Sasa chukua familia kubwa inayotumia uniti 4,000 za umeme na 18,000 za gesi:

Umeme: 4,000 × peni 34 = pauni 1,360
Gesi: 18,000 × peni 10.3 = pauni 1,854
Tozo: pauni 270.10
Jumla: pauni 3,484.10

Familia hiyo inalindwa na dhamana ileile, lakini ankara yake inapita pauni 2,500 kwa karibu pauni 1,000. Mwishoni mwa Septemba 2022 Waziri Mkuu mwenyewe alikosolewa kwa kuzungumza redioni kana kwamba hakuna kaya ingelipa zaidi ya pauni 2,500. Kosa hilo lina hatari halisi: mtu anayeamini ankara ina dari anaweza kuacha hita ikiwaka usiku kucha, kisha akakutwa na deni asiloweza kulilipa.

Wateja watatu wenye mikataba ya bei isiyobadilika

Tofauti na kikomo cha 2019, dhamana ya 2022 iliwagusa pia wenye bei isiyobadilika, lakini kwa kanuni yake. Kati ya Oktoba na Desemba 2022 kanuni ilikuwa hivi:

1. Bei ya mkataba ikiwa juu ya bei ya dhamana, inapunguzwa kwa hadi peni 17 kwa uniti ya umeme na hadi peni 4.2 kwa uniti ya gesi.

2. Punguzo haliwezi kuishusha bei chini ya bei ya dhamana, yaani takribani peni 34 kwa umeme na peni 10.3 kwa gesi.

3. Bei ya mkataba ikiwa tayari iko chini ya bei ya dhamana, hakuna punguzo. Mteja anaendelea na bei yake mpaka mkataba uishe.

Viwango vya punguzo vilibadilishwa baada ya hapo, na bei halisi zilitofautiana kidogo kati ya mkoa na mkoa. Kwa ajili ya mahesabu tutumie tarakimu hizi.

*Mteja wa kwanza* alifunga bei zamani, kabla ya mshtuko, kwa peni 20 kwa uniti ya umeme. Peni 20 ni chini ya 34. Hapati punguzo, na wala halihitaji. Tangazo la serikali halikubadilisha chochote katika bei yake. La busara kwake ni kutulia na kutovunja mkataba.

*Mteja wa pili* alifunga kwa peni 40. Ukiondoa 17 unapata 23, ambayo iko chini ya 34. Kanuni ya pili inazuia. Kwa hiyo atalipa peni 34, na punguzo lake halisi ni peni 6 tu. Sasa yuko sawa na mteja wa bei inayobadilika.

*Mteja wa tatu* alifunga kwa peni 60, wakati hofu imepamba moto. 60 − 17 = 43. Atalipa peni 43. Amepata punguzo kubwa kuliko wenzake wawili, lakini bado analipa peni 9 zaidi kwa kila uniti kuliko jirani yake ambaye hakufunga bei yoyote.

Kwa gesi utaratibu ni uleule. Mwenye mkataba wa peni 5 anabaki na peni 5. Wa peni 12 anashuka hadi peni 10.3. Wa peni 18 anashuka hadi peni 13.8.

Je, avunje mkataba?

Swali hili lilimhusu zaidi mteja wa tatu. Njia ya kulijibu ni kulinganisha nafuu atakayopata kwa kuhamia bei inayobadilika na ada ya kuvunja mkataba.

Tuseme mteja huyu anatarajia kutumia uniti 800 za umeme katika miezi 3 ya baridi.

Tofauti ya bei: 43 − 34 = peni 9
Nafuu: 800 × peni 9 = pauni 72

Ikiwa ada ya kuvunja mkataba ni pauni 30, atabakiwa na faida ya pauni 42. Avunje. Ikiwa ada ni pauni 100, atapata hasara ya pauni 28 katika miezi hiyo 3, hivyo inambidi aangalie miezi mingapi imebaki kwenye mkataba wake kabla ya kuamua. Katika kipindi hicho baadhi ya kampuni ziliamua kutowatoza wateja ada hiyo, na kwa mteja wa kampuni kama hizo jibu lilikuwa rahisi.

Mtahiniwa mzuri ataongeza kipengele kimoja zaidi: *hatari*. Akihamia bei inayobadilika, mteja anategemea muda ambao serikali itaendelea kulipa. Awali mpango ulitangazwa kuwa wa miaka 2. Tarehe 17 Oktoba 2022, wiki chache tu baadaye, Waziri wa Fedha Jeremy Hunt alitangaza kuwa ungeendelea kwa namna ileile hadi Aprili 2023 tu. Aliyevunja mkataba kwa kutegemea miaka 2 alijikuta ana miezi 6. Kiwango cha pauni 2,500 kilikuja kuongezewa muda hadi mwisho wa Juni 2023, lakini hakuna aliyeweza kulijua hilo mwezi Oktoba.

Suala la haki

Kwa nini serikali haikumshusha mteja wa tatu moja kwa moja hadi peni 34? Rudi kwenye hoja tuliyoitanguliza: kampuni yake ilikwisha kununua nishati mapema kwa bei ya juu ili kutimiza mkataba. Kuifidia tofauti yote, kwa kila mkataba na kwa bei yoyote iliyoandikwa humo, kungeiachia hazina mzigo usio na ukomo. Punguzo lenye kiwango maalumu liliwezesha gharama kukadiriwa.

Na kwa nini kulikuwa na kanuni ya pili? Bila hiyo, mteja wa pili angelipa peni 23 kwa fedha za walipa kodi, huku wengine wote wakilipa peni 34. Ruzuku ingemtajirisha mmoja juu ya wenzake.

Hata hivyo malalamiko hayakukosekana. Lipo lile la mteja wa tatu: alijaribu kuwa mwangalifu, na uangalifu wake ukamgharimu. Lipo pia lile la wachambuzi wa uchumi: ruzuku inayotolewa kwa kila uniti humpa zaidi anayetumia zaidi. Kwa punguzo la peni 17, kaya inayotumia uniti 2,000 hupata pauni 340, na yenye kutumia uniti 5,000 hupata pauni 850. Mara nyingi nyumba kubwa ni ya mwenye kipato kikubwa.

Ndiyo maana serikali iliendesha sambamba mpango mwingine: kila kaya yenye akaunti ya umeme ilipewa pauni 400 kwa awamu 6, kuanzia Oktoba 2022 hadi Machi 2023, bila kujali aina ya mkataba wala kiasi cha matumizi. Mteja wa kwanza, ambaye dhamana haikumpa chochote, alipata pauni 400 kama wengine.

Bei iliposhuka

Julai 2023 kikomo cha Ofgem kilishuka hadi pauni 2,074 kwa kaya ya wastani, chini ya kiwango cha pauni 2,500. Wateja wa bei inayobadilika wakaanza kulipa kwa kufuata kikomo, na dhamana ikabaki kama akiba ya dharura hadi Machi 2024. Mwenye mkataba wa bei ya juu usiokwisha hakufuata mteremko huo. Hapa ndipo matokeo (b) tuliyoyataja mapema yanapoonekana: kikomo kikishuka, bei iliyofungwa haishuki.

Ulinganisho na Afrika Mashariki

Neno "bei kikomo" wengi wetu tunalifahamu kutokana na matangazo ya EWURA ya kila mwezi kuhusu petroli, dizeli na mafuta ya taa nchini Tanzania. Kenya nayo ina EPRA, inayotangaza bei za juu za mafuta kila mwezi. Kanuni ni ileile: kikomo hufuata gharama za soko la dunia, na soko likipanda, nacho hupanda.

Ndiyo maana mwaka 2022, mwaka uleule wa mshtuko, kikomo pekee hakikutosha hapa kwetu. Mwezi Mei Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza ruzuku ya shilingi bilioni 100 ili kupunguza makali ya bei ya mafuta kuanzia Juni. Kikomo kilimzuia muuzaji kuzidisha. Ruzuku ndiyo iliyoshusha bei.

Tofauti iko kwenye mikataba. Mwenye bodaboda hana mkataba wa bei isiyobadilika na kituo cha mafuta. Hulipa bei ya siku hiyo. Mteja wa LUKU naye hachagui kati ya bei inayobadilika na isiyobadilika. Hununua uniti kwa bei iliyoidhinishwa kwa kundi lake. Kwa hiyo tatizo la mteja wa tatu halijitokezi. Hutokea pale tu mnunuzi anaporuhusiwa kufunga bei mapema.

Makosa ya kuepuka kwenye mtihani

Usiandike kwamba kikomo ni ukomo wa ankara. Ni ukomo wa bei ya uniti na tozo ya kila siku.

Usichanganye kikomo na ruzuku. Jiulize daima: nani analipa tofauti? Katika kikomo, mzigo humwangukia muuzaji. Katika ruzuku, humwangukia mlipa kodi.

Usiseme wenye mikataba ya bei isiyobadilika "hawakunufaika". Taja makundi yote matatu.

Usikokotoe punguzo bila kuangalia kanuni ya pili. Hapo ndipo alama nyingi hupotea.

Maswali ya marudio na majibu

*Swali la 1.* Mteja ana mkataba wa bei isiyobadilika wa peni 48 kwa uniti ya umeme na peni 16 kwa uniti ya gesi. Kwa kutumia kanuni za Oktoba hadi Desemba 2022, atalipa kiasi gani kwa kila uniti?

*Jibu.* Umeme: 48 − 17 = 31. Kwa kuwa 31 ni chini ya 34, atalipa peni 34. Gesi: 16 − 4.2 = 11.8. Kwa kuwa 11.8 ni juu ya 10.3, atalipa peni 11.8. Zingatia kuwa mteja mmoja anaweza kuangukia makundi mawili tofauti, moja kwa umeme na jingine kwa gesi.

*Swali la 2.* Eleza kwa nini kampuni ya nishati hutoza ada ya kuvunja mkataba.

*Jibu.* Kampuni hununua nishati mapema ili itimize bei iliyoahidi. Mteja akiondoka, hasa bei ikiwa imeshuka, kampuni hubaki na nishati ghali ambayo italazimika kuiuza kwa hasara. Ada hufidia sehemu ya hasara hiyo.

*Swali la 3.* "Bei kikomo humlinda kila mteja." Jadili.

*Jibu la mwongozo.* Anza kwa kufafanua bei kikomo. Upande wa kukubali: humzuia muuzaji kuwanyonya wateja wasiohamahama, na humpokea mteja ambaye mkataba wake umeisha au kampuni yake imefilisika. Upande wa kupinga: hakihusu wenye mikataba ya bei isiyobadilika, hakizuii bei kupanda pale soko la dunia linapopanda, kama ilivyotokea kutoka pauni 1,277 hadi 3,549 ndani ya mwaka 1, na kinaweza kuchangia kufilisika kwa kampuni ambazo gharama zake zimepita kikomo. Hitimisha kwa msimamo: kikomo humlinda mteja dhidi ya muuzaji, lakini kumlinda dhidi ya soko kunahitaji ruzuku, na ruzuku ina mlipaji wake.

*Swali la 4.* Ungemshauri nini mteja anayetaka kufunga bei wakati bei ya soko iko juu sana? (Jibu mwenyewe. Taja muda wa mkataba, ada ya kuvunja mkataba, mwelekeo wa kikomo, na uwezo wake wa kuhimili bei ikipanda ghafla.)